Mchaichai, mujaaja na moshi: kipi hufukuza mbu kweli, na kwa muda gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nakaa Busia, upande wa Uganda. Nina mtoto wa miezi mitano na mwingine wa miaka minne, na mdogo wangu ninayekaa naye ni mjamzito. Losheni ya mbu ya dukani ilimwasha yule mkubwa, na bei yake siiwezi kila mara. Mama mkwe huchoma majani na trei za mayai chumbani kila jioni, anasema ndivyo walivyolelewa. Jirani ananiambia nipake mafuta ya nazi yenye karafuu, wengine wananitajia mwarobaini. Nataka vitu vya asili visivyo na kemikali. Kipi kinafanya kazi, natengenezaje, na je, nipande vichaka vya lantana kuzunguka nyumba kama mama mkwe anavyotaka?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na trei za mayai, maana hizo haziwezi kungoja hadi mwisho wa barua. Leo jioni zisichomwe tena ndani. Trei hutengenezwa kwa karatasi chakavu zilizosagwa pamoja na wino wake na chochote kilichokuwa juu yake, na mtoto wa miezi mitano anavuta pumzi nyingi kuliko wewe ukilinganisha na ukubwa wa kifua chake. Hata zile koili za dukani, zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, ziliwahi kupimwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Ni kweli mbu hupungua kwenye moshi mzito. Lakini moshi ukishatoka nao hurudi, wakati kikohozi cha mtoto kinabaki.

Kwa mama mkwe, sikushauri umwambie amekosea. Mwombe tu ahamishie majani yake barazani, juu ya sigiri, kwa namna nitakayoeleza hapa chini. Majani yake yana maana. Trei ndizo hazina.

Sasa swali lenyewe. Umeuliza kipi kinafanya kazi. Mimi ningeuliza kinafanya kazi saa ngapi, na kwa muda gani. Mbu wa malaria wa kwetu, anofelesi, huanza kutoka giza likiingia, lakini kazi yake kubwa huifanya kuanzia kama saa nne usiku hadi karibu na alfajiri, mkiwa mmelala fofofo. Kuna mbu mwingine mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyo huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na haenezi malaria bali virusi. Kirusi cha Zika kilipata jina lake kutoka msitu wa Zika karibu na Entebbe, kilikogunduliwa mwaka 1947. Na ukienda Majanji ukakuta mawingu ya wadudu yakipanda kutoka ziwani, wale hawaumi kabisa. Funga mdomo tu upite.

Kwa hiyo una vipindi viwili tofauti. Kuna saa mbili tatu za jioni mkiwa nje, mnapika, mnakula, mnaongea. Kisha kuna saa nane za usingizi. Dawa za nyumbani zinaweza kukusaidia kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili zitakuangusha, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Mbu jike hukutafuta kwa pumzi unayotoa, joto la mwili na harufu ya ngozi. Mafuta ya mchaichai au ya mujaaja, mmea wa kienyeji wenye harufu, humvuruga asikupate. Ila mafuta hayo hufanya kazi kwa kuruka hewani. Kadiri unavyoyanusa ndivyo yanavyokuacha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwaomba watu waingize mikono yao kwenye vizimba vyenye mbu, wakiwa wamepaka dawa mbalimbali. Losheni yenye asilimia karibu 24 ya diti, ile kemikali iliyomo kwenye losheni nyingi za madukani, ililinda kwa wastani wa saa tano. Dawa yenye mafuta ya soya asilimia 2 ililinda kama saa moja na nusu. Zile za sitronela, ndugu wa mchaichai wako, hazikufika dakika ishirini. Hizo zilitoka kiwandani na zilikuwa na kipimo kinachojulikana. Ya kwako ya jikoni huwezi kujua ina nguvu kiasi gani.

Tena uko Busia, si Nairobi. Jirani yenu Tororo, kabla ya nyumba kuanza kupulizwa dawa, ilipimwa kuwa mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Apac, kaskazini mwa Uganda, ilizidi 1,500. Chukua hiyo ya Tororo. Tuseme umepata dawa ya majani nzuri sana inayofukuza mbu wawili kati ya kila watatu. Bado umebakiwa na kuumwa zaidi ya mara 160, na mara moja tu inatosha kumlaza mtoto. Ndiyo maana sitakubali mtu yeyote wa ukanda huu aache chandarua kwa sababu amepata mafuta mazuri.

Na kuhusu kutotaka kemikali, nikuombe ulitazame kwa jicho jingine. Dawa iliyopakwa kwenye chandarua cha serikali ni nakala ya maabara ya sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yale yanayolimwa Kenya, Tanzania na Rwanda. Ua ni la asili, na sumu yake inaua wadudu tangu zamani. Upande mwingine, mafuta ya karafuu ni ya asili kabisa, lakini ukiyapaka bila kuyapunguza yatakubabua ngozi vibaya kuliko hiyo losheni uliyoikimbia. Kilichomwasha mwanao huenda kilikuwa diti, huenda kilikuwa manukato ya losheni, au alipakwa nyingi mno. Asili ya kitu haikuambii kama ni salama. Kipimo chake na ngozi ya nani vitakuambia.

Nipitie mimea uliyoitaja, na mingine ambayo hukuitaja ila iko karibu nawe.

Ningeanza na mkaratusi unaonukia ndimu. Huu si mkaratusi wa kawaida wa nguzo na kuni. Vunja jani, ukinusa ndimu ndio wenyewe. Majani yake yakichakatwa kiwandani hutoa kiambato kiitwacho pii-emu-dii, na ndiyo dawa pekee ya mimea ninayoijua inayokaribia diti kwa muda wa kulinda. Hata taasisi ya afya ya Marekani ya kudhibiti magonjwa inaipendekeza, isipokuwa kwa watoto chini ya miaka mitatu. Lakini mafuta ghafi ya jani hilo, yale ya kukamua tu, si kitu kilekile. Yana kiambato hicho kidogo sana. Ukiuziwa chupa sokoni imeandikwa mkaratusi, usidhani umepata dawa hiyo.

Mujaaja, ule wanaouchemsha kwenye chai, ni wa jamii moja na mrihani. Pamoja na mchaichai, ambao Waganda huuita kisubi, ndiyo mimea ninayoipenda kwa matumizi ya nyumbani. Inapatikana, haina hatari kubwa, na harufu yake haimkeri mtu. Nguvu yake ni ya wastani na muda wake ni mfupi.

Karafuu ina nguvu kweli. Mafuta yake yasiyochanganywa yamewahi kulinda kwa saa mbili hadi nne kwenye majaribio, lakini ndiyo hayo yanayobabua. Yakipunguzwa hadi ngozi iyavumilie, ule muda nao unapungua. Usimpake mtoto.

Mafuta ya nazi peke yake hayafukuzi mbu kwa kiasi cha kutegemea. Kazi yake ni kubeba harufu na kuizuia isiruke haraka. Kwa kazi hiyo mimi napendelea mafuta ya shea kutoka kaskazini, yale Waacholi na Walango wanayoyaita moo yaa. Ni mazito, yanakaa kwenye ngozi, na kama una ndugu Lira au Gulu atakutumia ya kweli, si yale yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia.

Mwarobaini umesifiwa kuliko unavyostahili, angalau kwa mbu. Majaribio yake yanatofautiana mno, mengine mazuri, mengine hayana kitu. Kwenye shamba la mboga ni rafiki mzuri. Ila kuna jambo moja usilipuuze: mafuta ya mbegu zake mtoto asiyanywe hata kijiko, wala kwa minyoo wala kwa homa. Wapo watoto wachanga huko Asia waliopata degedege na kudhurika ubongo kwa sababu hiyo.

Na vanila? Nimeulizwa hili na watu wa Mukono wanaoilima. Ni kweli kiini cha vanila kikiongezwa kwenye mafuta ya mimea huongeza muda wa kulinda, maana huyazuia yasiruke haraka. Lakini majaribio hayo yalitumia kiini kilichosafishwa, kwa kiasi cha kama asilimia 5. Ganda moja ulilolowesha kwenye kikombe cha mafuta halifiki huko. Liuze tu, lina bei.

Sasa utengenezaji. Chuma konzi mbili za mujaaja na mabua machache ya mchaichai, uyaanike kivulini nusu siku yanyauke. Unyevu wa jani bichi ndio unaoozesha mafuta, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Yakatekate, uyaponde kidogo kwenye kinu, uyatie kwenye bakuli la chuma pamoja na kikombe kimoja cha moo yaa au mafuta ya nazi. Bakuli likae juu ya sufuria ya maji yanayofuka tu, yasichemke kwa nguvu, kwa muda wa kama saa mbili, likiwa limefunikwa. Ukiona majani yanakaanga, umepitiliza na harufu yote imeishia darini. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, weka kwenye chupa isiyopitisha mwanga, utumie ndani ya mwezi mmoja. Yakinuka uchachu mapema, mwaga.

Ukiweza kununua mafuta yenyewe ya sitronela yaliyokamuliwa, njia ni fupi zaidi na kipimo unakijua. Kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 100 za mafuta ya kubeba, kwa watu wazima tu. Vyovyote utakavyofanya, kwanza paka kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, ungoje hadi kesho yake. Pakiwa pekundu au panawasha, basi si yako. Kisha paka vifundo vya miguu, nyayo kwa juu, mashavu ya miguu na mikono, kwa sababu anofelesi hupenda kuruka chini chini na kuuma miguuni mtu akiwa amekaa. Rudia kila baada ya nusu saa. Najua inachosha, lakini huo ndio ukweli wa mafuta haya. Ukiyapaka saa kumi na mbili na kuyasahau, ifikapo saa moja na nusu mbu watakukuta mtupu.

Ndimu na malimao msipake mchana. Maji yake na mafuta ya ganda lake yakipigwa na jua yanaweza kuacha malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Mafuta ya taa msipake wakati wowote.

Nimeahidi kurudi kwenye sigiri ya mama mkwe. Kule Kenya magharibi, kando ya ziwa letu hilihili, watafiti walilinganisha njia mbili: kuchoma majani moja kwa moja kwenye makaa, na kuyapasha moto juu ya bamba la chuma bila kuyaunguza. Kupasha moto kulishinda. Majani ya mkaratusi wa ndimu yaliyopashwa hivyo yalifukuza karibu robo tatu ya anofelesi, na mrihani nao ulisaidia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Sababu ni kwamba moto mkali huunguza yale mafuta unayoyataka na kukuachia moshi. Basi chukua kifuniko cha sufuria kuukuu, kiweke juu ya sigiri yenye makaa yaliyokwisha kukolea, tandaza majani mabichi, ongeza mengine yanapokauka. Sigiri iwe barazani, upande upepo unakotokea. Isiingie chumbani hata makaa yakionekana yamekaribia kuzima, maana hewa ya makaa huua watu usingizini bila harufu yoyote.

Kuhusu watu wako mmoja mmoja.

Wa miezi mitano asipakwe mafuta yoyote ya mimea yenye harufu kali, hasa karibu na pua. Mkaratusi, kafuri na mentoli huweza kumbana pumzi mtoto mchanga. Na kwa kuwa tumefika hapo, zile dawa nyeupe za duara za nguo, naftalini, zitoe kwenye nguo zake. Huweza kuvunja damu ya watoto wenye upungufu fulani wa kurithi ambao si nadra kwetu. Kinga yake ni chandarua, mchana anapolala na usiku, pamoja na nguo nyepesi za mikono mirefu jioni. Mwezi ujao anafikisha miezi sita, umri wa dozi ya kwanza ya chanjo ya malaria iliyozinduliwa Uganda Aprili 2025. Nyingine ni miezi saba, minane na kumi na minane. Uliza kituo chenu cha afya tarehe ya kliniki.

Wa miaka minne anaweza kupakwa yale mafuta ya mujaaja uliyoyachuja mwenyewe, ukishapima kwenye mkono wake. Mpake wewe kwa viganja vyako, usimpake vidoleni kwa sababu anavitia mdomoni. Na losheni ya dukani usiifungie mlango moja kwa moja. Kwa mtoto aliyepita miezi miwili diti inaruhusiwa ikiwa si kali, ikipakwa mara moja jioni, juu ya ngozi isiyo na kidonda, na kuoshwa kabla ya kulala. Tafuta isiyo na manukato, uijaribu sehemu ndogo.

Mdogo wako ndiye ninayemhofia zaidi. Mjamzito hutoa joto na pumzi zaidi, na utafiti wa Gambia ulionyesha kuwa huvutia anofelesi karibu mara mbili ya mwanamke asiye na mimba. Malaria kwake humdhuru yeye na mtoto. Huyu nisingependa ategemee majani. Diti ya asilimia 20 ilijaribiwa kwa wajawazito mpakani mwa Thailand na Myanmar, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na haikuonekana kuwadhuru wao wala watoto wao. Kama kuna hela ya kichupa kimoja tu nyumbani, kiwe chake. Na ahudhurie kliniki apewe vidonge vya kukinga malaria, vinavyoanza kipindi hichohicho.

Nyumba yenyewe inaweza kukufanyia kazi kuliko mmea wowote. Tazama uwazi uliopo kati ya ukuta na bati. Anofelesi hupanda ukuta kwa nje na kuingia hapo, kuliko anavyoingia mlangoni. Uzibe kwa wavu mwembamba wa waya, si kwa udongo wote, ili hewa ipite. Kazi ni ya siku moja na haihitaji kurudiwa kila nusu saa. Chandarua kifueni kwa sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini, jua huua dawa yake. Mkipata vile vipya vyenye kiongeza nguvu cha pii-bii-o, vitumieni hivyo, kwa kuwa mbu wetu wamekuwa sugu kwa dawa ya zamani na Uganda yenyewe ndiyo iliyothibitisha kwa utafiti mkubwa kwamba vinapunguza malaria zaidi. Mwageni maji kwenye matairi, makopo na vifuniko vya jerikeni kila wiki. Mashimo ya kufyatulia matofali yafukieni.

Baba wa nyumba naye, kama anakaa kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya kienyeji, hadi usiku, ajue kuwa jaribio la Burkina Faso la mwaka 2010 lilionyesha kuwa wanywaji wa pombe ya mtama huvutia mbu kuliko wanywaji wa maji. Avae soksi.

Bangili za harufu, programu za simu zinazolia sauti isiyosikika, kula kitunguu saumu, vidonge vya vitamini B: achaneni navyo, havifanyi kitu.

Umebakiza lantana. Mama mkwe hajaitoa hewani. Ikiwa hai kwenye chungu dirishani, katika majaribio yale ya Kenya, ilipunguza mbu kwa kama theluthi moja. Lakini anachotaka yeye ni wigo wa kuzunguka nyumba, na hapo nasema hapana. Vichaka vya lantana vilivyoota karibu na makazi ndivyo vilivyokuwa maficho ya mbung'o kule Busoga wakati malale yalipolipuka upya kuanzia mwaka 1976, na mbung'o hao hawajamalizika ukanda wenu. Majani yake pia huwadhuru ng'ombe na mbuzi wakiyala, na ukishaipanda ndege wataisambaza hadi shamba la jirani. Mpandieni mujaaja badala yake, miche minne mitano chini ya madirisha na mmoja karibu na kiti chake barazani. Hukua upesi kwa mbegu mvua zikianza, na akiuchuma mara kwa mara hautamshinda. Ile lantana iliyokwisha kuota uani ing'oeni na mizizi kabla haijazaa. Ukiikata juu tu, itachipua tena.